Nyuzi Nne Zilizovuka Bahari

Watoto wa Makongeni, Kaloleni, Jericho na Dandora wamekuwa wakijitengenezea gitaa la mkebe tangu babu zao wakiwa watoto. Kama hujawahi kulitengeneza, sikiliza. Unatafuta mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, au galoni iliyotupwa na watu wa gereji. Unakata mwanya ubavuni, unachomeka ubao mwembamba ulioachwa na seremala, na unaupigilia misumari ukae imara. Halafu unamwendea fundi wa baiskeli, unamwamkia vizuri, na unamwomba kebo ya breki iliyokatika. Ukiifumua kebo hiyo utakuta ndani yake nyaya nyembamba zilizosokotwa pamoja. Hizo ndizo nyuzi zako. Unafunga ncha moja kwenye msumari wa chini, unavuta waya juu ya mkebe hadi kwenye msumari wa juu, unaweka kijiti chini yake ili usigusane na bati, kisha unakaza mpaka uanze kulia.

Sasa charaza. Umepata muziki, na umepata somo la sayansi juu yake. Waya ule ule ukiufunga kati ya misumari miwili ukutani, hata aliye karibu nawe atausikia kwa shida. Ukiufunga juu ya mkebe, jirani atafungua dirisha aone ni nani. Kwa nini? Kwa sababu waya ukitetemeka unatikisa kijiti, kijiti kinatikisa bati, na bati linaitikisa hewa yote iliyomo ndani ya mkebe. Hewa hiyo ndiyo inayokuja mpaka masikioni. Uzi mrefu hutoa sauti nzito, uzi mfupi hutoa sauti nyembamba. Ukikaza sauti hupanda, ukilegeza hushuka. Ukiyajua hayo umejua siri ya nyatiti ya Wajaluo, litungu ya Wabukusu, gitaa la umeme la bendi kubwa, na pia ya chombo kidogo ninachotaka kuwasimulia leo: ukulele.

Huenda umeiona kwenye video. Ni mdogo wake gitaa. Ile ya kawaida, inayoitwa soprano, ina urefu wa sentimita 53 hivi kutoka kichwani hadi mwisho wa tumbo, kwa hiyo mtoto wa darasa la pili anaweza kuikumbatia bila taabu. Gitaa lina nyuzi 6. Ukulele ina nne tu. Zamani nyuzi hizo zilitengenezwa kwa utumbo wa mnyama uliokaushwa na kusokotwa, siku hizi ni za nailoni au plastiki nyingine, laini kwa vidole. Sauti yake ni nyororo na ya kuchangamka, na mtu akiipiga ni vigumu kukaa umenuna.

Ukiuliza ukulele ilitoka wapi, karibu kila mtu atakujibu Hawaii, vile visiwa vilivyo katikati ya Bahari ya Pasifiki. Jibu hilo ni kweli, lakini ni nusu ya safari. Nusu nyingine inaanzia kwenye kisiwa kilicho karibu zaidi na bara letu kuliko unavyodhani.

Kisiwa hicho ni Madeira. Kiko katika Bahari ya Atlantiki, mkabala na pwani ya Morocco, na ni cha Wareno. Wareno tunawajua. Ndio waliofika Mombasa mwaka 1498 na Vasco da Gama, wakaanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, na wakaishikilia ngome hiyo hadi Waarabu wa Omani walipoiteka mwaka 1698 baada ya kuizingira muda mrefu. Kwetu walikuja na mizinga. Lakini Ureno, kama nchi nyingine yoyote, ilikuwa pia na wakulima, wavuvi na maseremala ambao hawakuwahi kushika mzinga, na hao jioni walikuwa na muziki wao. Watu wa Madeira walikuwa na gitaa dogo la nyuzi nne lililoitwa machete, au braguinha. Walikuwa pia na chombo kikubwa zaidi kidogo chenye nyuzi 5 kilichoitwa rajão. Kumbuka majina hayo mawili, tutayarudia.

Madeira iliishi kwa zabibu. Divai yake ilinywewa Ulaya na Marekani. Kisha katika miaka ya 1850 ugonjwa wa ukungu ukaikumba mizabibu, na katika miaka ya 1870 akaja mdudu mdogo anayekula mizizi. Mashamba yakakauka. Watu wakaanza kuondoka kwenda kutafuta riziki kwingine, na wakati huo huo wenye mashamba ya miwa huko Hawaii walikuwa wakitafuta vibarua. Watu wa Madeira waliijua kazi ya miwa. Wakatia sahihi mikataba.

Najua kuna msomaji wa Eastlands ambaye hapo amekumbuka jambo. Nairobi yetu ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, na reli hiyo ilijengwa kwa sehemu kubwa na vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India kwa mikataba ya namna hiyo hiyo. Zamani hizo dunia nzima ilikuwa imejaa meli zilizobeba watu masikini kwenda kufanya kazi za matajiri katika nchi wasizozijua. Kila meli ilibeba pia mapishi ya watu hao, sala zao na ngoma zao.

Meli ya kisa chetu iliitwa Ravenscrag. Iling'oa nanga Funchal, mji mkuu wa Madeira, mwezi wa Aprili 1879, ikiwa na abiria zaidi ya 400: wanaume, wanawake na watoto. Mfereji wa Panama ulikuwa haujachimbwa, kwa hiyo ilibidi meli ishuke hadi ncha ya kusini kabisa ya Amerika, ambako bahari ni baridi na mawimbi ni ya kutisha, kisha ipande tena kaskazini kuvuka Pasifiki. Miezi minne majini. Watoto wa umri wako walikuwa humo, wamelala kwa msongamano, wakila chakula kile kile siku nenda siku rudi.

Tarehe 23 Agosti 1879 meli ikatia nanga bandarini Honolulu. Mmoja wa abiria, kijana aliyeitwa João Fernandes, alikuwa na machete aliyoazimwa na mwenzake. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba walipofika salama alianza kuipiga na kuimba kwa furaha, na watu wa Hawaii waliokuwa bandarini wakastaajabu jinsi vidole vyake vilivyorukaruka juu ya nyuzi. Hilo si jambo la kuambiwa tu na babu aliyezeeka. Wiki chache baadaye gazeti la Honolulu liliandika kwamba wageni kutoka Madeira wanawaburudisha watu kwa muziki barabarani kila usiku.

Katika meli hiyo hiyo walikuwemo maseremala watatu: Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Mimi hawa ndio ninaowapenda kuliko wote katika kisa hiki. Walikuja kama vibarua wa miwa, lakini mikono yao ilikuwa imezoea randa na patasi. Mikataba ilipowaachia waliingia mjini, wakafungua karakana, na katikati ya miaka ya 1880 kila mmoja wao alikuwa akitengeneza na kuuza vyombo vya muziki Honolulu.

Hapo ndipo ukulele ilipozaliwa, na ilizaliwa kwa kuchanganya. Umbo na udogo vilitoka kwa machete. Mpangilio wa sauti ulitoka kwenye nyuzi nne kati ya zile tano za rajão. Mbao zilitoka kwa mwenyeji, yaani mti wa koa unaoota Hawaii peke yake, wenye rangi nyekundu ya kahawia na mistari inayong'aa ukipakwa vanishi. Koa ni wa jamii ya migunga. Ukipanda basi kwenda Naivasha au Magadi ukaona migunga iliyotandaza matawi yake juu ya nyasi, hao ni ndugu wa mti uliotengenezewa ukulele za kwanza. Watu wa Hawaii walikuwa wakichonga mitumbwi yao kwa koa tangu mababu. Kwa hiyo chombo cha wageni kilipovishwa mbao hizo, mwenyeji alikitazama akaona kitu cha kwao. Jina nalo wakakipa la lugha yao, ambalo wengi hulieleza kuwa ni kiroboto arukaye.

Sasa nikuonyeshe jambo moja kwa karibu, kwa maana hapa ndipo utamu ulipo. Kwenye gitaa, ukipiga nyuzi kuanzia ile iliyo karibu na kidevu chako kushuka chini, sauti zinapanda ngazi: nzito, nyembamba, nyembamba zaidi. Kwenye ukulele haiwi hivyo. Uzi wa kwanza kukutana nao kutoka juu una sauti ya juu. Unaofuata ni mzito kuliko wote. Kisha sauti inapanda, inapanda tena. Kwa zile herufi za muziki mnazofundishwa na mwalimu wa kwaya, nyuzi hizo ni so, do, mi, la, ila so hiyo iko juu ya do. Iimbe pole pole uone. Sauti inaruka chini kisha inapanda. Ndiyo maana ukikwangua nyuzi zote nne kwa mara moja, juu kwenda chini na chini kwenda juu, husikii mgongano mzito wa gitaa. Unasikia sauti zilizokaa karibu karibu, zinazocheka. Mpangilio huo ndio urithi wa rajão, na bila huo ukulele ingekuwa gitaa lililopungua.

Chombo kizuri kikikosa mtu wa kukibeba hufa karakanani. Ukulele ilipata mbebaji mkubwa, mfalme mwenyewe. Kalākaua alitawala Hawaii kuanzia 1874 hadi alipofariki mwaka 1891. Kabla yake, wamisionari walikuwa wameipiga vita ngoma ya hula, wakisema ni ya kishenzi, na ikawa inachezwa kwa kujificha. Mfalme akairudisha hadharani. Katika sherehe za kutimiza miaka 50 mwaka 1886 wachezaji wa hula walitumbuiza, na ukulele ikawa miongoni mwa vyombo vilivyowasindikiza. Yeye mwenyewe aliipiga. Wanangu, hebu fikirieni: chombo kilichofika na vibarua wa miwa, ndani ya miaka 7 tu kimeingia ikulu.

Halafu mambo yakaharibika. Dada yake, Malkia Liliʻuokalani, ambaye alikuwa mtunzi hodari wa nyimbo, alirithi kiti. Mwaka 1893 wafanyabiashara wa kizungu waliokuwa na mashamba na mali nyingi visiwani wakampindua, huku wanajeshi wa Marekani wakiwa wameshushwa pwani. Mwaka 1895 wakamfungia ndani ya kasri lake mwenyewe. Mwaka 1898 Marekani ikavitwaa visiwa vyote. Mwaka ule ule wa 1895 Uingereza ilitangaza kwamba nchi yetu ni himaya yake. Na mwaka 1896 lugha ya Kihawaii iliondolewa shuleni, watoto wakalazimishwa kusoma kwa Kiingereza. Bibi na babu zetu waliosoma enzi za mkoloni wanaweza kukueleza jinsi mtoto alivyovishwa kibao shingoni kwa kosa la kuzungumza lugha ya mama yake. Kwa hiyo wimbo wa Kihawaii uliopigwa kwa ukulele nyumbani, jioni, mlango ukiwa umefungwa, ulikuwa na uzito kuliko mtalii alivyoweza kujua.

Watalii walikuja, na dunia ikaisikia ukulele. Mwaka 1915 yalifanyika maonyesho makubwa San Francisco kusherehekea kukamilika kwa Mfereji wa Panama. Katika banda la Hawaii kulikuwa na wanamuziki wakipiga kila siku, na umati ulimiminika kuwasikiliza. Baada ya hapo Marekani ilishikwa na homa ya ukulele. Kampuni za magitaa zikaanza kuzitengeneza kwa wingi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia fundi mmoja, Mario Maccaferri, alitengeneza za plastiki za bei rahisi, zikauzwa kwa mamilioni. Uingereza nako alikuwepo mchekeshaji George Formby, aliyepiga aina yenye tumbo la banjo na kuchekesha nchi nzima. Formby namtaja kwa sababu moja. Mwaka 1946 alizuru Afrika Kusini na mkewe Beryl, wakakataa kutumbuiza katika kumbi zilizowatenga watu weusi na weupe.

Najua utauliza: na sisi je? Sauti ya Hawaii ilitufikia?

Ilitufikia, na kisa chake ni cha ajabu. Huko Marekani alikuwepo mwimbaji Jimmie Rodgers. Kabla ya kuwa maarufu alifanya kazi kwenye treni, kazi ambayo watoto wa Makongeni na Muthurwa wanaijua, maana nyumba za mitaa hiyo zilijengewa wafanyakazi wa reli. Rodgers alipiga gitaa na kuimba kwa kupasua sauti, akiiruhusu iruke ghafla kutoka kifuani hadi kichwani. Katika baadhi ya rekodi zake za mwaka 1929 alisindikizwa na Joe Kaipo, mwanamuziki aliyepiga gitaa la chuma kwa mtindo wa Hawaii, lile linaloteleza na kulia. Rodgers alifariki mwaka 1933 kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 35 tu. Lakini santuri zake ziliendelea kusafiri, na wazungu waliokuja Kenya walikuja nazo pamoja na gramafoni zao.

Zikafika kwa Wakipsigis. Watu wakasikia sauti ya mtu asiyeonekana ikitoka kwenye sanduku, wakaipenda, wakalikamata jina lake kwa masikio yao wenyewe: Chemirocha. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi muziki, alifika Kapkatet, ambako leo ni Kaunti ya Kericho, akawarekodi wasichana wakimwimba Chemirocha huku kinubi cha kwao kikilia taratibu nyuma yao. Kwa maelezo ya Tracey, walimfikiria Chemirocha kuwa kiumbe nusu mtu nusu paa. Tafuta mtu mzima akusaidie kuusikiliza wimbo huo. Ni mfupi, na ukiusikia mara moja hautoki kichwani. Miaka ya 2010 maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey kule Afrika Kusini, pamoja na Ketebul Music ya hapa Nairobi, waliirudisha rekodi hiyo na nyingine hadi vijiji zilikotoka, na wazee waliokuwa vijana siku ile wakasikia sauti zao tena.

Kwa hiyo Hawaii ilikuwa imeingia Kenya kupitia santuri. Gitaa lenyewe liliingia kwa njia nyingi, na njia mojawapo ilikuwa vita. Wakenya wengi walipigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia wakiwa askari wa King's African Rifles. Jeshi lilikuwa na kikosi cha kuwaburudisha askari, na humo alikuwemo kijana wa pwani, Fundi Konde, aliyezaliwa mwaka 1924. Aliporudi akawa mmoja wa wapiga gitaa wa mwanzo kabisa kujulikana Afrika Mashariki yote.

Hapa ndipo mitaa yetu inapoingia. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, nyumba za mawe na vigae, bustani katikati, na ukumbi wa jamii. Ukumbi huo wengi huusimulia kwa mikutano ya kudai uhuru, na ni haki yake. Lakini kumbi kama huo, pamoja na ule wa Pumwani na nyingine za mitaa hii, zilikuwa pia mahali pa dansi. Serikali ya mkoloni ilikuwa imewaweka watu wa makabila yote katika vyumba vidogo vya Eastlands ili wafanye kazi mjini. Mluhya alilala ukuta mmoja na Mkamba, Mjaluo akapika jiko moja na Mkikuyu, na mtu wa pwani akawa jirani yao. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, na chombo ambacho hakikuwa cha kabila lolote kati yao kilikuwa gitaa. Kila mmoja angeweza kulipiga bila kuambiwa amechukua cha mwenzake.

Na kila mmoja aliligeuza. Kutoka Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, ulikuja mtindo wa Mwenda Jean Bosco, ambaye Tracey alimrekodi mwaka 1952 katika mji wa Jadotville. Bosco alipiga gitaa moja kwa kidole gumba na cha shahada, ungesema wako watu wawili, na aliimba kwa Kiswahili cha kwao. Alifika hadi Nairobi kutumbuiza, na mwenzake Edouard Masengo akakaa hapa kwa muda. Kutoka magharibi mwa Kenya akaja George Mukabi na mtindo wa omutibo. Ukiusikiliza omutibo utasikia kitu kinachokwaruza kwa mpigo: chupa ya Fanta! Chupa za zamani zilikuwa na mikunjo ubavuni, na mpigaji alipitisha chuma au msumari juu ya mikunjo hiyo, kr-kr-kr, gitaa likienda juu yake. Mukabi alifariki mwaka 1963, mwaka tuliopata uhuru. Nyatiti na litungu hazikuachwa pia. Sikiliza vidole vya wapiga gitaa wa Kijaluo na Kiluhya wa zamani, utasikia kinubi cha babu kikiendelea kulia ndani ya gitaa.

Ndiyo maana sikubali mtu anapomwambia mtoto wa Eastlands kwamba chombo fulani si chake kwa sababu kilitoka mbali. Machete ilitoka Madeira, na leo hakuna anayethubutu kumwambia mtu wa Hawaii kwamba ukulele si yake. Alikipa chombo hicho mbao zake, lugha yake na huzuni yake. Huko Korogocho, karibu na jalala la Dandora, mradi wa Ghetto Classics umekuwa tangu mwaka 2008 ukiwafundisha watoto fidla, chelo na tarumbeta, na watoto hao hawaombi ruhusa ya mtu kupenda fidla. Vijana wa kundi la Kalamashaka walipoanza kurap kwa Kiswahili kutoka Dandora miaka ya 1990 hawakuomba ruhusa pia.

Hawaii yenyewe iliirudia ukulele kwa nguvu mpya vijana wa miaka ya 1970 walipoanza kudai lugha na utamaduni wao. Anayejulikana zaidi duniani ni Israel Kamakawiwoʻole, mtu mkubwa wa mwili, mpole wa sauti, aliyeshika ukulele ndogo ikapotea kifuani mwake. Mwaka 1988 aliingia studio usiku wa manane, akaketi, akarekodi nyimbo mbili za zamani zilizounganishwa kuwa moja, yeye na ukulele yake tu, bila bendi. Rekodi hiyo ilitoka katika albamu ya mwaka 1993 ikazunguka dunia, na bila shaka umewahi kuisikia kwenye filamu au tangazo la biashara bila kujua ni ya nani. Israel alifariki mwaka 1997, na jeneza lake, lililotengenezwa kwa koa, liliwekwa katika jengo la bunge la Hawaii ili wananchi wamuage.

Sasa zamu yako. Ukulele ya kuanzia ni miongoni mwa vyombo vya nyuzi vya bei nafuu katika maduka ya muziki mjini, na shule au kanisa likinunua moja, watoto 10 wanaweza kuifunza kwa zamu. Usipoipata, gitaa lako la mkebe litakufundisha mengi: weka nyaya nne badala ya mmoja, ukaze kila mmoja mpaka upate so, do, mi, la. Angalia tu waya wa breki usikukate kidole, na usiukaze uso wako ukiwa juu yake.

Ukishaipata ukulele, ishike hivi. Tumbo lake kwenye kifua chako, shingo mkono wa kushoto, mkono wa kulia ukikwangua nyuzi. Vile vipande vya chuma vinavyokatisha shingo ni freti. Hesabu kuanzia kichwani. Weka kidole cha pete kwenye freti ya 3 ya uzi wa chini kabisa, ulio karibu na sakafu. Kwangua zote nne. Hiyo ni C. Ondoa kidole hicho, weka cha kati kwenye freti ya 2 ya uzi wa juu kabisa, ulio karibu na kidevu. Hiyo ni A ndogo, sauti ya huzuni kidogo. Bila kukiondoa, ongeza kidole cha shahada kwenye freti ya 1 ya uzi wa pili kutoka chini. Hiyo ni F. Rudi C. Zunguka hizo tatu taratibu kila siku, kabla ya kazi za shule au baada yake, hadi vidole viende vyenyewe bila kutazamwa. Ziko nyimbo nyingi sana za kanisani, za shuleni na za redioni ambazo hazihitaji zaidi ya hizo na moja ya nyongeza. Chagua mmoja unaoupenda, wa lugha ya nyumbani kwenu, na uanze nao.